Bahari yenye wenyewe: Waaborijini wa pwani wanaposema "nchi yetu" wana maana gani?

Alfajiri ya Aprili 25, 2025, umati ulikusanyika Melbourne kuwakumbuka wanajeshi wa Australia waliokufa vitani. Mzee wa jamii ya Bunurong, ambao ni wenyeji wa asili wa pwani ile, akasimama kuwakaribisha watu katika nchi ya wazee wake. Kikundi kikamzomea. Picha zikazunguka dunia, na swali likabaki mitandaoni: inakuwaje mtu akukaribishe katika nchi uliyozaliwa na unayolipia kodi?

Swali hilo lina mdogo wake, na kwa mtu wa pwani huyo mdogo ndiye anayevutia zaidi. Waaborijini wa pwani wanasema nchi yao haiishii ufukweni, inaingia baharini. Sasa bahari itakuwaje ya mtu? Kwa ndugu zetu waliohamia Australia hili si jambo la kusoma tu. Ukienda kuvua kaskazini mwa nchi ile, leseni ya serikali ukiwa nayo mfukoni, bado unaweza kuambiwa: hapa hujabisha hodi kwa wenyewe.

Tulifungue fundo hili taratibu, tukianzia na majina.

Ni watu wengi, si kabila moja

Neno "Waaborijini" limebebeshwa mzigo mkubwa. Waingereza walipoanzisha koloni lao la kwanza pale Sydney mwaka 1788, bara lile lilikuwa na lugha zaidi ya 250, na nyingi hazisikilizani hata kidogo. Mtu wa Arnhem Land kaskazini na Mnoongar wa kusini magharibi wana mila, vyakula na hadithi tofauti. Halafu kuna watu wa visiwa vya Torres Strait, katikati ya Australia na Papua New Guinea, ambao si Waaborijini bali ni jamii nyingine yenye asili yake. Ndiyo maana nyaraka za serikali hutaja majina mawili. Wote kwa pamoja ni kama asilimia 3.8 ya watu wa Australia.

Wale wa pwani wenyewe hujiita watu wa maji ya chumvi, wakijitofautisha na wenzao wa maji baridi walioko mitoni na bara. Hapa nitakaa zaidi na Wayolngu wa kaskazini mashariki mwa Arnhem Land, kwa sababu walilibeba suala la bahari mpaka mahakama ya juu kabisa, na kwa sababu kesi yao ilianza na kitu kidogo kilichokutwa ndani ya gunia.

Nchi inayoingia majini

Myolngu akisema "nchi yangu" hazungumzii taifa lenye bendera, wala shamba lenye hati ya wizara. Anazungumzia eneo lenye mipaka inayojulikana, ambalo ndani yake mna ardhi, mto, mikoko, mchanga, fungu, mwamba uliozama, mkondo wa maji, samaki, upepo wa msimu, na wahenga waliopita hapo dunia ilipokuwa inaumbwa wakaacha alama zao. Vyote hivyo ni kitu kimoja. Mstari ambao sisi tunauchora pale maji yanapoanza, kwao haukati chochote. Mhenga alitembea nchi kavu, akaingia majini, akaendelea na safari, na nchi ikaendelea naye.

Kila kipande cha bahari hiyo kina jina na ukoo wake, na kina wimbo. Nyimbo za koo, ziitwazo manikay, hutaja mahali kwa mpangilio: jiwe hili, kisha mkondo ule, kisha kisiwa kile, kisha mawingu yanayosimama upande fulani msimu fulani. Aliyefundishwa wimbo anajua njia. Anajua pia ni wapi wimbo wake unakoma na wa ukoo mwingine unaanza. Kwa hiyo kumwuliza mzee wa Kiyolngu "mpaka wenu uko wapi?" ni kumwomba aimbe.

Ugumu unakuja kwenye umiliki wenyewe. Dunia yote ya Wayolngu imegawanyika nusu mbili, Dhuwa na Yirritja. Kila mtu, kila mnyama na kila mahali ni vya upande mmoja, na hata maji yana upande. Mtoto hufuata upande wa baba yake, na ndoa ni lazima iwe na mtu wa upande wa pili. Matokeo yake, mama yako siku zote anatoka upande usio wako.

Hapa msomaji wa kwetu hahitaji kufundishwa sana. Fikiria nafasi ya mpwa kwa wajomba zake katika jamii zinazofuata ukoo wa baba. Shamba la wajomba si lako kurithi, lakini hakuna anayekufukuza pale, na kwenye kikao kizito neno lako linasikilizwa kwa sababu mama yako alitoka mlango ule. Wayolngu wamelichukua jambo hilo wakalifanya sheria kamili. Uhusiano wa mtu na ukoo wa mama yake una jina, yothu yindi, na mpwa anapewa kazi rasmi ya usimamizi. Mwenye nchi ni ukoo wa baba. Anayehakikisha nchi inatunzwa ipasavyo ni mtoto wa dada zao. Mwenye nchi hafanyi ibada kubwa peke yake, wala hachori michoro mitakatifu ya nchi hiyo apendavyo, bila msimamizi kujua. Mwenye mali na mlinzi wa mali ni watu wawili, na wamefungwa na damu.

Ukishalielewa hilo, utaona kwa nini neno "mmiliki", kwa maana ya mtu anayeweza kuamka asubuhi akauza kiwanja, linawapotosha wengi wanapowasikia Waaborijini wakisema "bahari ni yetu". Hakuna mtu mmoja mwenye uwezo wa kuiuza.

Kichwa cha mamba

Mwaka 1996 Djambawa Marawili, kiongozi wa ukoo wa Madarrpa, alifika Garrangali, sehemu ya ghuba iitwayo Blue Mud Bay upande wa magharibi wa Ghuba ya Carpentaria. Alikuta kambi ya wavuvi walioingia kinyemela kutafuta baramundi, samaki wa bei nzuri ambaye ni ndugu wa karibu wa sangara wetu wa Ziwa Victoria. Kambini palikuwa na gunia. Ndani ya gunia mlikuwa na kichwa cha mamba kilichokatwa.

Kwa mvuvi yule, mamba ni mamba. Kwa Madarrpa, Garrangali ni kiota cha Bäru, mhenga wao aliyekuwa mtu kabla hajawa mamba. Hadithi yao inasema moto ulimuunguza mgongoni akajitupa majini, na magamba ya mamba mpaka leo ni makovu ya moto ule. Bäru ni mzazi wa ukoo. Kumkata kichwa mamba pale alipozaliwa na kukitupa guniani ni tusi ambalo sheria ya uvuvi ya serikali haina kifungu chake.

Djambawa na wenzake wangeweza kugombana na wavuvi. Walichofanya ni kuchora. Wasanii 47 wa koo mbalimbali walikaa wakatoa michoro 80 juu ya magome ya miti, kila ukoo ukichora bahari yake. Kazi yenyewe si ya haraka. Gome la mkaratusi hubanduliwa wakati wa masika, mti ukiwa na utomvu mwingi, kisha hupashwa motoni na kugandamizwa mpaka linyooke. Rangi ni udongo mwekundu na wa njano, mkaa, na udongo mweupe. Mistari ile myembamba sana huvutwa kwa brashi iliyotengenezwa kwa nywele chache za binadamu, mstari mmoja kwa pumzi moja. Mchoro wa Madarrpa una vijumba vya pembe nne vilivyoungana kama mnyororo, na vijumba hivyohivyo ni moto wa Bäru na ni bahari inayochafuka. Ukoo mwingine hauruhusiwi kuvichora.

Michoro ile ilizungushwa katika maonyesho, na leo imehifadhiwa kwenye Makumbusho ya Taifa ya Bahari mjini Sydney. Wageni wengi waliiona kama sanaa nzuri, na ni nzuri kweli. Lakini waliochora walikuwa wanaonyesha hati zao. Nadhani hapo ndipo mgongano mzima ulipo: upande mmoja unadai karatasi, upande wa pili umeshatoa karatasi yake na hakuna aliyeitambua.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1963 serikali ilipotoa sehemu ya ardhi ya Yirrkala kwa ajili ya machimbo ya boksiti, Wayolngu walipeleka bungeni maombi yaliyochapwa kwa lugha yao na kwa Kiingereza, yakabandikwa juu ya magome yaliyopambwa pembeni kwa michoro, gome moja la Dhuwa na jingine la Yirritja. Bunge liliyapokea. Machimbo yaliendelea. Wakaenda mahakamani, wakashindwa mwaka 1971, ingawa jaji mwenyewe alikiri kwamba alichokiona mbele yake ni mfumo kamili wa sheria. Aliona sheria ipo, ila sheria ya Kiingereza haikuwa na mahali pa kuiweka.

Maji yakijaa, ardhi ni ya nani?

Kushindwa kule kulizaa uchunguzi wa serikali, na uchunguzi ukazaa sheria ya mwaka 1976 ya haki za ardhi ya Northern Territory, eneo la utawala la kaskazini ambalo Arnhem Land imo ndani yake. Sheria hiyo iliwapa Waaborijini wa eneo lile hati za ardhi za kudumu, zisizouzika, na kwa upande wa pwani hati ziliteremka mpaka pale maji yanapokupwa kabisa.

Mtu wa pwani ameshaona swali linapoelekea. Kati ya mstari wa maji kujaa na mstari wa maji kupwa kuna eneo ambalo saa sita ni ardhi na saa sita ni bahari. Kaskazini mwa Australia, penye tambarare za matope na mikoko, eneo hilo ni pana sana, na ndilo lenye baramundi na kaa. Maji yakikupwa hakuna ubishi: ardhi ni ya wenye hati. Je, yakijaa? Serikali ya Northern Territory ilisema maji ni ya umma, na mwenye leseni ya uvuvi anapita juu ya ardhi hiyo bila kumwuliza mtu. Wayolngu wakasema nchi haibadiliki mwenyewe kila maji yanapopanda.

Julai 30, 2008, Mahakama Kuu ya Australia, ambayo kule ndiyo ya mwisho kwa rufaa, iliamua kwa majaji watano dhidi ya wawili kwamba Wayolngu wako sahihi. Hati inafunika eneo lote la kupwa na kujaa, liwe kavu au limefunikwa na maji, na leseni ya uvuvi haimpi mtu ruhusa ya kuingia humo. Uamuzi huo uligusa asilimia 80 hivi ya ukanda wa pwani wa Northern Territory.

Kelele zilikuwa kubwa. Kuna waliodhani wavuvi wote wamefukuzwa na fukwe zimefungwa. Hakuna kilichofanana na hicho. Wenye nchi walitoa ruhusa za muda mazungumzo yakiendelea, na baadaye maeneo kadhaa yakawekewa makubaliano yanayowaruhusu wavuvi wa burudani kuingia bila malipo. Kilichobadilika ni nani anayeombwa. Na uamuzi ule unahusu Northern Territory tu, kwa sababu umesimama juu ya sheria ya pale. Ufukwe wa Bondi kule Sydney haumo, na wala haujawahi kuwemo.

Kupita mstari wa maji kupwa, mambo yanageuka, na hapa ndipo hata waandishi wa habari huchanganya. Kuna mambo matatu yanayofanana majina. La kwanza ni sheria ya mila yenyewe, ile ya nyimbo na michoro, ambayo haisubiri mahakama. La pili ni hati za ardhi chini ya sheria ya 1976 tuliyoitaja. La tatu ni kile kinachoitwa haki asilia: utambuzi wa taifa zima kwamba mila za wenyeji zilizaa haki, na kwamba baadhi ya haki hizo zimeendelea kuishi baada ya ukoloni. Huu wa tatu ulitokana na Eddie Koiki Mabo wa kisiwa cha Mer, Torres Strait, ambaye kesi yake ilishinda Juni 3, 1992, miezi michache baada ya yeye kufariki. Sheria ya bunge ikafuata mwaka 1993.

Kwa bahari ya mbali, haki asilia ndiyo inayofanya kazi, na haina meno ya kumzuia mwingine. Mwaka 2001, katika kesi ya watu wa kisiwa cha Croker, Mahakama Kuu ilikubali kwamba haki asilia zinaweza kuwepo baharini, ila si za kipekee. Wenyeji wanaweza kusafiri, kuvua kwa mahitaji yao na kulinda mahali patakatifu, lakini meli zinapita na wengine wanavua. Mwaka 2013 watu wa Torres Strait wakapata zaidi kidogo: mahakama ilikubali kwamba haki yao ya kuchukua samaki ilihusu hata samaki wa kuuza, japo leseni bado zinahitajika. Kwa hiyo yule anayesema "Waaborijini wamepewa bahari yote" na yule anayesema "hawana haki yoyote baharini" wote wawili wamekosea, na tofauti inaweza kuwa hatua chache kutoka maji yanapokupwa.

Yanayosemwa sana, na ukweli wake

Uongo wa zamani kuliko wote ni kwamba Waaborijini walikuwa wazururaji wasio na mahali, kwa hiyo nchi ilikuwa tupu. Dola ya Uingereza ilichukua bara zima kana kwamba halina mwenyewe, na mahakama ziliendelea na msimamo huo mpaka kesi ya Mabo ilipouvunja. Kule Mer kila bustani ilikuwa na mpaka wake na mrithi wake. Kuhama kwa msimu, kufuata samaki na matunda, hakumfanyi mtu kuwa hana kwao. Wavuvi wetu wa dago wanaohama na kaskazi na kusi wanalijua hilo bila kuambiwa.

La pili: kwamba walijitenga na dunia hadi Mzungu alipowafikia. Kwa pwani ya kaskazini si kweli hata kidogo. Kwa muda mrefu, na kwa uhakika tangu karne ya 18, mabaharia wa Makassar, Sulawesi, walikuwa wakishuka na upepo wa msimu kila mwaka kuvuna jongoo bahari, wakawachemsha na kuwakausha ufukweni, kisha wakawauza kwa soko la China. Jongoo yuleyule anayevuliwa Pemba na Shimoni kwa soko lilelile. Wageni hao walikaa miezi kadhaa, wakafanya biashara na Wayolngu, wakaoana nao, na baadhi ya Wayolngu wakasafiri nao mpaka Makassar. Walipanda mikwaju ambayo mpaka leo inaonyesha zilipokuwa kambi zao. Waliacha maneno pia: fedha kwa Kiyolngu ni rrupiya, na Mzungu ni balanda. Safari hizo zilikatwa na serikali kwa kunyimwa leseni, na jahazi la mwisho likaondoka mwaka 1907. Wayolngu hawakuacha kuziimba.

Na hapa lazima nitaje zile sarafu za Kilwa, maana zinapendwa sana mitandaoni kwetu. Ni kweli: mwaka 1944 askari wa rada aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu tisa kwenye mchanga wa kisiwa cha Marchinbar, katika visiwa vya Wessel, nchi ya Wayolngu. Tano ni za shaba za Usultani wa Kilwa. Si kweli kwamba hilo linathibitisha kuwa manahodha wa Kilwa waliigundua Australia. Sarafu nne zilizokuwa pamoja nazo ni za Kiholanzi, na kati yake zimo za karne ya 18, wakati Kilwa ya zamani ilikuwa imeshaanguka muda mrefu. Sarafu hupita mikono mingi. Ya Kilwa inaweza kuwa ilifika na Mreno, Mholanzi, au Mmakassar. Pia, kusema "waligundua" mahali palipokuwa na watu kwa zaidi ya miaka 50,000 ni kurudia kosa la Wazungu kwa lafudhi yetu.

La tatu linahusu nguva na kasa. Watu wakiona picha ya Waaborijini wakimwinda nguva, hushangaa: si mnyama anayelindwa? Analindwa. Lakini sheria ya 1993 inamruhusu mwenye haki asilia kuwinda kwa chakula cha nyumbani na shughuli za mila, si kwa biashara, na mwaka 1999 Mahakama Kuu ilimsafisha Murrandoo Yanner aliyewinda mamba wadogo kwa njia hiyo bila kibali. Jamii nyingi zimejiwekea mipaka zenyewe. Eneo la Great Barrier Reef lina makubaliano rasmi ya aina hiyo tangu 2005. Torres Strait ndipo penye nguva wengi kuliko mahali popote duniani, baada ya kuwindwa kwa maelfu ya miaka. Kwetu, kutoka Lamu hadi delta ya Rufiji, nguva amebaki wa kuhesabika, na kilichowaua wengi ni nyavu za jarife. Ni vizuri kulikumbuka hilo kabla ya kunyoosha kidole. Wayolngu wana walinzi wao wa bahari: shirika la Dhimurru lilianzishwa mwaka 1992, na moja ya kazi za walinzi wake ni kuvuta nyavu zilizopotea baharini, ambazo huja na mikondo kutoka mbali zikiwa zimenasa kasa.

Upande wa kusini mambo ni magumu zaidi. Kwenye pwani ya New South Wales, wapiga mbizi wa jamii ya Yuin wamekuwa wakikamatwa na hata kufungwa kwa kuchukua abaloni, kombe wa bei ghali ambao babu zao waliwala tangu enzi. Mwaka 2009 bunge la jimbo lilipitisha kifungu cha kutambua uvuvi wa mila. Kikaa kabatini zaidi ya miaka kumi bila kuanza kutumika.

Na la nne, kwamba hadithi zao ni ngano za kupitisha jioni. Hili limepata kipigo kizuri kutoka kwa wanasayansi. Zamani za barafu, miaka 20,000 hivi iliyopita, bahari ilikuwa chini zaidi ya mita 120 kuliko leo. Australia, New Guinea na Tasmania zilikuwa nchi kavu moja. Barafu ilipoyeyuka maji yakapanda, yakameza ufuko kilomita baada ya kilomita, hadi yalipotulia miaka 7,000 hivi iliyopita. Waaborijini walikuwepo wakiangalia. Wenyeji wa pwani ya Melbourne wanasimulia kwamba ghuba ile kubwa mbele ya mji ilikuwa uwanda wa kuwinda kangaruu, mpaka bahari ilipoingia kwa hasira. Kusini mwa Adelaide, hadithi inasema mhenga Ngurunderi aliwafukuza wake zake wawili waliokuwa wakivuka kwa miguu kwenda Kangaroo Island. Akaiamuru bahari ipande, na wanawake wale wakageuka mawe yanayoonekana hadi leo. Watafiti wamekusanya masimulizi ya namna hii kutoka sehemu 21 kuzunguka pwani yote ya Australia, na yanaafikiana na kile wanajiolojia wanachokijua. Mwaka 2020, karibu na Murujuga upande wa magharibi, wapiga mbizi wakatangaza kupata zana za mawe zaidi ya 260 chini ya maji, za watu walioishi pale kabla bahari haijapafunika.

Sasa soma tena yale madai kwamba nchi inaendelea chini ya bahari. Kwa watu hawa, chini ya bahari palikuwa nyumbani.

Wimbo unapopelekwa mahakamani

Nisimwache msomaji adhani kwamba kila anayetaja mhenga anashinda. Visiwa vya Tiwi viko kaskazini ya Darwin, na kampuni ya Santos ilitaka kuchimba gesi baharini upande ule. Septemba 2022 Dennis Tipakalippa, mmoja wa wazee wa Tiwi, alishinda: mahakama ya shirikisho ikafuta kibali cha uchimbaji kwa sababu watu wa visiwani, ambao bahari ile ni nchi yao, hawakushauriwa. Rufaa ya kampuni ikatupwa Desemba mwaka huohuo.

Kesi ya pili ilihusu bomba la gesi. Walalamikaji walisema bomba litapita juu ya njia ya mhenga Mtu-Mamba na kumchafua Ampiji, nyoka wa upinde wa mvua. Januari 2024 walishindwa. Jaji hakuona kwamba imani hizo, kwa namna zilivyoelezwa kuhusu eneo lile la bomba, zilikuwa za jamii kwa upana wake, na alilaumu vikali jinsi mtaalamu mmoja alivyoendesha kazi ya kuchora ramani na wazee. Waliokuwa hawaamini tangu mwanzo wakasema: mmeona, wanabuni. Mimi naona kesi ile ilionyesha kitu kingine. Imani inayogawanywa kwa umri, jinsia na ukoo, ambapo mambo fulani huyajua wachache tu na si ruhusa kuyasema mbele ya kila mtu, inapimwa kwa kuuliza ni wangapi wanaijua. Kwa kipimo hicho itashindwa mara nyingi, iwe ya kweli au ya kubuni, na walio wazembe katika kukusanya ushahidi wataiumiza zaidi.

Wakati huohuo Wayolngu waliendelea na shauri lao. Machi 12, 2025, Mahakama Kuu ilitoa uamuzi katika kesi iliyofunguliwa na marehemu Yunupingu, kiongozi wa ukoo wa Gumatj aliyefariki Aprili 2023. Jina lake la kwanza silitaji, maana kwa mila ya Wayolngu jina la marehemu hupumzishwa. Alikuwa kijana maombi ya magome yalipokwenda bungeni, na alikuwa mkalimani katika kesi ile iliyoshindwa mwaka 1971. Mahakama imesema haki asilia ni mali inayolindwa na katiba, kwa hiyo serikali ya Australia inaweza kudaiwa fidia ya haki kwa ardhi ya rasi ya Gove iliyochukuliwa wakati eneo lile likiwa chini yake, kati ya 1911 na 1978, yale machimbo ya boksiti yakiwemo. Kiasi hakikuamuliwa siku ile. Linalofuata ni mahesabu: ni shilingi ngapi, au dola ngapi, zinalipwa kwa mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa na uwezo wa kupauza.